Jioni ni ya Kuunga, Si ya Kuchemsha

Jioni ofisi zinafungwa, na muda si mrefu Barabara ya Kilwa jijini Dar es Salaam imeshajaa magari mpaka Mbagala. Anayeishi Chanika, Bunju au Kibamba, akiwahi sana, anafungua mlango wa nyumba yake saa 1 na nusu. Ikinyesha mvua ni saa 2 na ushee. Watoto wamesharudi shule, njaa inawauma, na wanauliza lile swali la kila siku: leo tunakula nini?

Katika nyumba nyingi majibu huwa mawili. Ama maharage makavu yanabandikwa usiku huo huo, na chakula kinatengwa saa 4 wakati mtoto wa darasa la pili ameshalala kwenye kochi. Ama mtu anatumwa kwa muuza chipsi, anasimama foleni, anarudi na vifurushi vya chipsi mayai vilivyolowa mafuta. Mara moja moja hakuna ubaya. Siku nne kwa wiki ni mzigo kwa mfuko na kwa afya.

Lawama hapo huwa tunaitupia mapishi yetu. Tunasema chakula cha Kiswahili kina mambo mengi, kinataka mtu aliyeshinda nyumbani. Ukikaa jikoni na saa mkononi utaona si kweli. Mapishi yenyewe hayachukui muda mrefu. Kinachokula muda ni kazi chache zinazojulikana, ambazo hazina lazima yoyote ya kufanywa usiku: kuchemsha kinachochelewa kuiva, kukuna nazi, kuchambua mchele, kuwasha moto. Mpishi yeyote wa kwetu anajua tofauti ya kuchemsha na kuunga. Hoja ya makala haya ni kwamba familia yenye shughuli nyingi ikizitenganisha kazi hizo mbili kwa siku, chakula cha jioni kinapatikana ndani ya dakika 40.

Muda unaliwa na nini

Tuchukue wali na maharage ya nazi, chakula ambacho hakuna anayekiita cha sherehe. Tuseme nyumba ina jiko moja la mkaa na kila kitu kinaanza jioni. Mkaa kukolea ni robo saa mpaka dakika 20. Maharage yaliyochaguliwa mawe na kuoshwa, bila kulowekwa, yatachemka saa moja na nusu yakiwa mapya, na saa 2 au zaidi yakiwa ya msimu uliopita. Yakichemka, mchele unachambuliwa na nazi inakunwa kwenye mbuzi, inakamuliwa tui zito na tui jepesi. Maharage yakiiva yanaungwa kwa kitunguu, nyanya na tui. Hapo ni dakika 15. Kisha sufuria ya wali inapanda jikoni, dakika 25 na kupaliwa makaa juu.

Jumla ni saa 3 hivi. Lakini hesabu ilivyokaa ndiyo yenye maana. Kazi inayohitaji mpishi asimame na mwiko, kuunga maharage na kupika wali, ni dakika 40 za mwisho. Zaidi ya saa 2 za mwanzo ni kusubiri na kuandaa. Maharage yanayotokota hayakuhitaji. Yanahitaji moto na maji tu, na yangeweza kutokota Jumapili mchana wakati watu wanafua.

Wauza chakula walishalijua hili. Mama lishe anayepakua sahani ya kwanza saa 6 mchana hawezi kumwambia fundi mwenye njaa asubiri maharage yaive. Yeye alichemsha alfajiri au jana yake, rojo la nyanya liko tayari kwenye sufuria pembeni, na mteja anapofika kinachobaki ni kupasha na kupakua. Nairobi, katika mitaa mingi ya watu wa kipato cha chini na cha kati, wapo wanaouza maharagwe na githeri, yaani makande, iliyokwisha kuchemshwa. Mnunuzi anakwenda nyumbani kuikaanga tu kwa kitunguu na nyanya. Anachonunua pale ni saa 2 za moto na za kusubiri.

Pwani tuna mfano mwingine. Mwezi wa Ramadhani, mtu aliyefunga na aliyeshinda kazini anafuturu kwenye meza yenye vyakula vingi kuliko siku za kawaida, na adhana ya magharibi haimsubiri mtu. Inawezekana kwa sababu sambusa zilikunjwa na kuwekwa kwenye friza kabla ya mwezi kuandama, zinatolewa na kutumbukizwa kwenye mafuta. Unga wa uji umeshasagwa, viungo vimeshatwangwa. Utaratibu huo tunaufuata siku 29 au 30, kisha tunausahau miezi 11 inayofuata.

Kwa nini maharage hayana haraka

Kujua kitu gani cha kupika lini, inafaa kujua kwa nini vingine vinachelewa. Punje ya maharage imejaa wanga na protini, na chembe zake zimeshikana kwa kitu kama gundi kiitwacho pektini. Ili punje ilainike, maji lazima yapenye ganda, yaufikie wanga uvimbe, na joto liilegeze ile gundi. Ukiyaloweka saa 8 mpaka 12, kazi ya maji kupenya inakwisha kabla hujawasha moto, na muda wa kuchemsha unapungua sana. Maji ya kulowekea yamwagwe. Yanaondoka na sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni.

Maharage yaliyokaa ghalani miezi mingi kwenye joto na unyevunyevu hugeuka kuwa magumu, na hata ukiyachemsha mchana kutwa mengine yanabaki na kiini kigumu. Kwa hiyo bei nafuu ya maharage ya zamani inaweza kuliwa yote na mkaa. Muulize muuzaji ni ya lini, na kama hamjuani nunua robo kwanza uyajaribu.

Mahali unapoishi pia pana neno lake. Dar es Salaam, usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi joto 100. Mbeya na Nairobi, miji iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi kama 94. Ukiongeza moto hayapandi zaidi ya hapo, yanazidi kukauka tu. Ndiyo maana mtu aliyehamia Mbeya kutoka Tanga analalamika kwamba maharage ya huko hayaivi, wakati yametoka shambani juzi.

Presha kuka inatatua jambo hilo hilo. Mfaransa Denis Papin aliionyesha ya kwanza London mwaka 1679: chungu chenye mfuniko uliokazwa ambacho mvuke hautoki. Mvuke ukibanwa, maji yanapanda mpaka karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka, na kitu kinaiva kwa sehemu ndogo ya muda wa kawaida. Maharage yaliyolowekwa asubuhi yanaiva ndani yake kwa dakika 20 hadi 30. Kwa familia inayokula maharage mara mbili tatu kwa wiki, hicho ndicho chombo kimoja ambacho kununua kwake kunabadilisha jioni kweli.

Magadi yanasaidia pia, kwa kuwa yanaivunja ile gundi haraka. Lakini yanaharibu vitamini B1 na yakizidi yanaacha ladha ya sabuni. Mwenye presha kuka hana haja nayo. Na kuna tahadhari moja kuhusu maharage mekundu: yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha, nayo huondolewa kwa kuyachemsha yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi. Majiko ya umeme yanayopika kwa joto la chini kwa saa nyingi hayafai kuanzia maharage mabichi.

Nyama nayo ina sababu yake. Nyama ya paja au bega la ng'ombe ina kano na nyuzi ngumu zinazolainika polepole kwa kutokota muda mrefu. Usiku wa Jumanne si wakati wake. Nyama hiyo hiyo ikisagwa, mashine imeshazikata zile nyuzi na inaiva kwa dakika 15. Samaki karibu hana nyuzi hizo, ndiyo maana changu au kibua anaiva kwa dakika 10 na akizidishwa anavunjikavunjika. Kisamvu, makande na utumbo viko kundi moja na maharage. Tena kisamvu ni lazima kitwangwe na kichemshwe kikamilifu, kwa kuwa majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kupikwa vizuri. Kukiharakisha ni kujitakia balaa.

Upande wa pili wa orodha ni mrefu kuliko tunavyodhani. Mchicha na matembele ni dakika 5. Mayai nayo ni dakika chache. Dagaa wakavu ni robo saa. Adesi ni dakika 20 hadi 25 bila kulowekwa. Choroko zilizolowekwa asubuhi zinaiva kwa muda kama huo, na ukiongeza mchele na tui ndani ya sufuria ile ile unapata mseto, chakula kamili cha watu wa pwani kwenye chombo kimoja cha kuosha.

Kazi ya Jumapili

Kinachotakiwa mwisho wa wiki si kupika milo mitano na kuirundika kwenye friji. Chakula kilichokwisha kuungwa kinachosha kukila siku ya tatu, na watoto ndio wa kwanza kulalamika. Kinachotakiwa ni kumaliza zile kazi za kusubiri. Mambo manne yanatosha.

La kwanza ni maharage. Kilo moja makavu, yakichemshwa, yanakuwa zaidi ya kilo 2. Kwa familia ya watu watano hiyo ni milo mitatu ya jioni. Yachemshe kwa chumvi kidogo tu, bila kitunguu wala nazi, yagawe kwenye vyombo vitatu vyenye mfuniko. Viwili vinakaa kwenye friji siku 3 mpaka 4, cha tatu kiingie friza. Angalia pia faida ya nishati: kuchemsha mara tatu kwa saa 2 ni saa 6 za moto, kuchemsha mara moja ni saa 2 na dakika chache.

La pili ni rosti ya nyanya, na hapa ndipo pa kutulia. Vitunguu nusu kilo vinakatwa vidogo na kukaangwa kwa moto wa wastani mpaka vigeuke rangi ya dhahabu, bila haraka, maana utamu wa rosti yote unaanzia hapo. Kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa vinafuata kwa dakika moja tu, visije vikaungua na kuwa vichungu. Kisha nyanya kilo 2 zilizokatwa au kusagwa, karoti na hoho zilizokwanguliwa. Mwanzoni sufuria inajaa maji na harufu ni ya nyanya mbichi. Acha wazi, koroga mara kwa mara, nusu saa na zaidi, mpaka maji yakauke, rangi iive na mafuta yaanze kujitenga na kupanda juu. Mafuta yakipanda, rosti imeiva na itakaa. Usitie pilipili wala chumvi nyingi, kwa sababu kila jioni itakwenda na kitu tofauti.

Vijiko vinne vikubwa vya rosti hiyo kwenye sufuria ya moto ndio mwanzo wa mlo wowote. Ukitia maharage yaliyochemshwa na tui, umepata maharage ya nazi. Ukivunja mayai sita juu yake na kufunika, ni mboga ya ugali kwa dakika 7. Nyama ya kusaga, biringanya, viazi vilivyokatwa vidogo, vipande vya samaki aliyekaangwa asubuhi ile sokoni: vyote vinaingia humo humo. Kitunguu cha kuungia hakikatwi tena mpaka Jumapili nyingine.

La tatu ni nazi. Zikune nazi 3 au 4 kwa pamoja, au zipeleke zikakunwe kwa mashine sokoni, kamua, na ugandishe tui kwenye vikopo vidogo. Tui zito lililogandishwa linatiwa mwisho na kukorogwa taratibu bila kuacha, lisikatike. Mwenye kuona uvivu anaweza kununua tui la kopo. Hakuna wa kumcheka.

La nne ni kazi ndogondogo ambazo mtoto wa miaka 10 anaziweza: kuchambua mchele wa wiki nzima na kuurudisha kwenye ndoo kavu, kutoa dagaa vichwa, kumenya vitunguu saumu, kukaanga karanga na kuzisaga.

Nyumba isiyo na friji haijaachwa nje. Utaratibu wake unageuka kidogo. Maharage yanalowekwa asubuhi na kuiva jioni kwenye presha kuka. Yasizidi saa 12 kwenye maji, kwa joto la pwani yanaanza kutoa povu na harufu ya kuchacha. Siku nyingine zinabebwa na vitu vikavu: dagaa, karanga za kusaga, choroko, adesi, mayai. Mboga za majani na nyanya zinanunuliwa kwenye genge wakati wa kurudi, kama wengi wafanyavyo tayari. Rosti ipikwe ya siku moja tu.

Dakika 40, jiko la pleti mbili

Tuone jioni moja kwa karibu: ugali, dagaa wa Mwanza na mchicha wa karanga, watu watano, jiko la gesi la pleti mbili. Kosa la kawaida ni kuanza na ugali. Ugali ni wa mwisho kukamilika, kwa sababu ukipoa hauliki, na mboga ikipoa kidogo inapashwa.

Dakika ya kwanza, sufuria ya ugali yenye maji lita moja na nusu inapanda pleti ya kulia, imefunikwa. Maji yanayofunikwa yanachemka mapema na kula gesi kidogo. Kwenye pleti ya kushoto kinapanda kikaangio chenye mafuta. Dagaa, waliooshwa kwa maji ya moto na kukamuliwa, wanakaangwa dakika 5 mpaka wakakamae. Wakati huo mchicha unaoshwa mara tatu mpaka mchanga uishe, na unakatwa. Dagaa wanatiwa rosti vijiko vinne, wanakorogwa na kukamuliwa ndimu, wanatokota dakika 5, wanaepuliwa. Dakika 15 zimepita na mboga moja iko tayari.

Maji upande wa kulia yanachemka. Unga kidogo uliokorogwa kwa maji baridi unamiminwa, unakuwa uji, nao unaachwa uchemke dakika 3 au 4. Wengi huiruka hatua hii wanapokuwa na haraka, na ndiyo inayofanya ugali uwe mbichi katikati, maana wanga wa mahindi unataka muda kwenye maji ya moto ili uvimbe. Uji unapotokota, pleti ya kushoto inapokea mchicha na kijiko cha rosti. Ukinywea tu, karanga zilizosagwa zinatiwa na kukorogwa, moto unapunguzwa. Mpishi anarudi kulia, anaongeza unga kidogo kidogo na kusonga, anageuza, anasonga tena, anaufunika kwa moto mdogo dakika 4. Mchicha unaepuliwa, ugali unapakuliwa. Nani aliweka maji ya kunawa mezani? Mtoto aliyekuwa anasubiri.

Hakuna ufundi wa ajabu hapo. Kilichookoa muda ni rosti, karanga na dagaa waliotolewa vichwa Jumapili, pamoja na kujua nini kinatangulia.

Kwa wiki nzima, mpango unaweza kuwa hivi: Jumatatu wali na maharage ya nazi, Jumanne ugali, dagaa na mchicha, Jumatano mseto wa choroko na kachumbari, Alhamisi maharage tena, safari hii kwa chapati zilizosukumwa na kupikwa nusu Jumapili, zikawekwa friza, Ijumaa mchuzi wa samaki, au nyama ya kusaga kwa viazi. Orodha hiyo ikibandikwa kwenye mlango wa friji, swali la leo tunakula nini linakuwa na jibu kabla ya mtu kupanda daladala, na anayepita sokoni anajua anunue nini. Mama wa Nairobi ataweka sukuma wiki penye mchicha. Wa Bukoba ataweka ndizi penye ugali, na ndizi zikimenywa zinaiva kwa nusu saa.

Kiporo kina masharti

Tumelelewa na kiporo. Wali wa jana na chai ya asubuhi ni kumbukumbu ya kila nyumba. Lakini wali una jambo lake ambalo wengi hawalijui. Mchele mkavu unaweza kubeba vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa kwenye sufuria usiku kucha katika joto la Dar, mbegu hizo zinaamka, zinazaliana na kutoa sumu. Ukiupasha asubuhi unaua vijidudu, lakini ile sumu haiharibiki kwa joto la kupashia. Matokeo ni kutapika saa chache baadaye, na watu wanamsingizia muuza maziwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, kihifadhiwe chini ya nyuzi 5 au kibaki moto juu ya nyuzi 60, na kikipashwa kifike nyuzi 70 na zaidi mpaka katikati. Kwa lugha ya jikoni: wali uliobaki utandazwe kwenye sinia upoe upesi, uingie friji kabla ya kulala, uliwe kesho yake, upashwe mpaka utoe mvuke wote. Sufuria kubwa ya maharage ya moto isiingizwe friji nzima nzima. Katikati yake itakaa vuguvugu saa nyingi. Igawe kwanza. Na kilichopashwa mara moja kisirudishwe kungoja siku nyingine.

Moto wenyewe

Hakuna mpango wa jioni utakaofanikiwa kama moto unachukua dakika 20 kuwaka. Mkaa na kuni ndivyo vinavyowaka katika majiko mengi ya Tanzania hadi leo. Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, ukiwa na lengo la kuifikisha nishati hiyo kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mjadala wake umejaa habari za misitu na moshi, na ni haki. Ila kwa mfanyakazi anayerudi usiku, faida ya kwanza anayoiona ni dakika: gesi inawaka papo hapo, na pleti mbili zinafanya kazi mbili kwa pamoja.

Kikwazo ni kwamba mtungi unajazwa kwa fedha nyingi kwa mkupuo, wakati mkaa unanunuliwa kopo kwa kopo kadiri mfuko unavyoruhusu. Ndiyo maana nyumba nyingi zina vyote viwili, na busara ni kugawa kazi: mkaa kwa maharage ya Jumapili, gesi kwa kuunga jioni. Mtungi mdogo ukitumika hivyo unakaa zaidi.

Umeme nao unaogopwa kuliko unavyostahili. Jiko la wati 1,000 likiwaka saa nzima bila kukatika linakula uniti moja. Presha kuka ya umeme haiwaki muda wote. Presha ikishajaa inajizima na kujiwasha yenyewe, hivyo sufuria ya maharage inaiva kwa chini ya uniti hiyo. Mwenye mita anaweza kusoma kabla na baada, akafanya hesabu yake na kulinganisha na makopo ya mkaa.

Mikono ya nani

Utaratibu wote huu una hatari moja. Ukiachiwa mtu mmoja, utakuwa umemtoa mama jikoni Jumanne usiku na kumrudisha Jumapili mchana, siku ambayo angepumzika. Katika nyumba ambayo baba na mama wote wanatoka saa 11 alfajiri, hakuna sababu ya mmoja kurudi kwenye kochi na mwingine kwenye moto. Kuchemsha maharage ni kubandika na kuangalia maji yasikauke. Baba anayetazama mpira anaweza kuepua wakati wa mapumziko. Rosti kijana wa sekondari anaiweza, awe wa kike au wa kiume. Na dada wa kazi, kwa nyumba zilizo naye, asitarajiwe kubuni mlo kila siku bila mpango wala vitu. Orodha ya wiki inamsaidia yeye kuliko mwingine yeyote.

Kwa hiyo usianze na friza mpya wala na seti ya vyombo vya kwenye matangazo. Anza Jumapili hii na kilo moja ya maharage na kilo 2 za nyanya, wagawie watu kazi, halafu uone Jumatatu mmekula saa ngapi. Ukiona tofauti, ongeza nazi wiki inayofuata. Presha kuka itafuata fedha ikipatikana.